Nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na kivutio: kagua kwanza

Ndugu, umeuliza kama ni busara kulala siku mbili katika nyumba ya wageni ya bei nafuu iliyo jirani na kivutio cha watalii, ilhali picha zake zinapendeza kupita kiasi. Inafaa, ila usilipe kabla ya kuona chumba. Mimi huacha mizigo mlangoni, nikainua kona ya godoro na kumulika mishono kwa tochi ya simu, kwani vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni. Nikivikuta, huomba chumba kisichopakana na hicho. Uliza pia kama maegesho yamo katika bei. Mlango usiofungika kwa ndani ni sababu tosha ya kuondoka. Kunguni wakikuuma na ngozi ikatoa malengelenge, mwone daktari.