Ukitaka homoni Mombasa, anzia maabara

Wadogo zangu transjenda, yaani wasiojitambua kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, huniuliza mara kwa mara: "Dada, nipate wapi homoni za kubadili mwili bila kungoja?" Huwa nawaambia wapite maabara kwanza, kemisti baadaye.

Naelewa haraka yao. Mimi ni mwanamke transjenda, niliyeandikwa mvulana nilipozaliwa, na hospitali ya umma nilikoanzia nilizungushwa dirisha kwa dirisha, kila mmoja akisema si kazi yake. Nilipohamia kwa daktari binafsi, mambo yalikwenda mbio kwa sababu nilifika nimejiandaa.

Kabla ya kupanda matatu, piga simu. Mpokezi hahitaji kusimuliwa maisha yako. Muulize tu kama daktari huyo huwahudumia watu transjenda wanaotumia homoni. Akibabaika, shukuru, piga kwingine. Mabingwa wengi wa homoni wako Nairobi, ila baadhi huonana na wagonjwa kwa video, nawe vipimo unafanya hapahapa mjini. Jina la daktari litafute katika orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni kabla hujatuma hata shilingi.

Sasa damu. Pima ini, figo, potasiamu, sukari, mafuta, wingi wa damu, testosteroni (homoni ya kiume) na estrojeni (homoni ya kike). Majibu yakiwa mkononi siku ya kwanza, daktari ana cha kuamulia, wala hakurudishi nyumbani ukangoje tena. Vipimo hivi vina kazi. Spironolaktoni, dawa ya kuzuia testosteroni, yaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukayumba. Kaka zetu, wanaume transjenda wanaodunga testosteroni, damu yao yaweza kuwa nzito kupita kiasi. Nao wasiichukulie kuwa kinga ya mimba, maana sivyo.

Linalonitia hofu zaidi ni vidonge vya kupanga uzazi. Wasichana wetu transjenda huvimeza viwili, vitatu kwa siku badala ya homoni za daktari kwa kuwa ni rahisi na hakuna anayeuliza. Tafadhali, acheni. Vingi vina ethinili-estradioli, estrojeni ya kutengenezwa ambayo huongeza hatari ya damu kuganda kuliko estradioli ya kawaida, ile inayofanana na ya mwilini, na sigara huzidisha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, nenda hospitali usiku huohuo, useme wazi unachotumia.

Ukiambiwa wewe ni mgonjwa wa akili, jibu kwa adabu kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatutoa kwenye fungu hilo katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Hata hivyo, daktari akitaka mazungumzo marefu kabla ya kuandika dawa, mpe nafasi. Ndipo mahali pa kuuliza kuhusu uzazi, kwani homoni zaweza kuupunguza au kuuondoa, na swali la watoto ni bora liulizwe kabla ya dozi ya kwanza.

Kitambulisho kikiwa na jina la zamani, omba mapema uitwe kwa jina la ukoo pekee. Kuitwa jina la kiume mbele ya ukumbi uliojaa kumewafukuza wengi kliniki, na ombi hilo mimi sijawahi kukataliwa.

Pesa, zipange za mwaka mzima. Mwaka wa kwanza damu hupimwa takriban kila miezi 3, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Kama mfuko unatosha dawa tu bila vipimo, ngoja kidogo uweke akiba, halafu uanze.