Unataka kudumu kwenye pikipiki? Kubali kujifunza upya hata ukiwa mkongwe

Vijana wengi wa boda hapa Moshi ukiwatajia Valentino Rossi, yule Muitaliano wa mbio za pikipiki, wanawaza spidi na ile namba 46 ya pikipiki yake basi. Mimi kinachonigusa ni jinsi alivyodumu. Jamaa alianza mashindano ya dunia mwaka 1996 kwenye pikipiki za cc 125, akastaafu mwisho wa 2021 akiwa na miaka 42, na hapo katikati kabeba ubingwa wa dunia mara 9 na kushinda mbio 115. Ni watu wachache sana wanakaa juu ya pikipiki miaka yote hiyo na bado wanaogopwa.

Sasa angalia 2013. Alikuwa ametoka timu ya Ducati, miaka miwili hajashinda hata mbio moja, karudi timu yake ya zamani Yamaha watu wanasema mzee kaisha. Anawakuta madereva vijana kina Marc Márquez na Jorge Lorenzo wanalala kwenye kona mwili wote uko nje ya pikipiki, kiwiko kinakaribia lami, na yeye hakuzoea kukaa hivyo. Mtu mwenye mataji 9 angeweza kabisa kusema hawa watoto hawaniambii kitu, ila yeye akabadilisha ukaaji wake, akaachana hadi na fundi wake mkuu Jeremy Burgess waliyekuwa pamoja tangu 2000. 2014 akamaliza msimu wa pili duniani, 2015 akakosa ubingwa kwa pointi 5 tu, na ana miaka 36! Hiyo miaka miwili mimi naiheshimu kuliko mataji yake ya ujana.

Ndo maana nawaambia wakongwe wenzangu, kijiweni sikilizeni madogo. Mimi breki ya mbele nimefundishwa na dogo niliyemzidi umri mbali. Wengi wetu tumekua tunaambiwa breki ya mbele inaua, kumbe pikipiki ikianza kupunguza mwendo uzito mwingi unakuja mbele, kwa hiyo kwenye lami kavu tairi la mbele ndo linalokusimamisha, cha msingi unabana taratibu huku chombo kimenyooka. Kwenye kona au vumbi jingi hapo achana nayo, tumia ya nyuma kwa adabu.

Halafu kuna hili la kushuka na fri, yaani bila gia, na hapa nasema kwa uchungu. Unatoka Kibosho au Uru, abiria nyuma, mkungu wa ndizi, kamvua kameanza, na mtu kazima injini eti anabana mafuta. Injini ikiwa kwenye gia ndogo inakushikilia yenyewe, ukiiweka fri mzigo wote unabaki kwa breki, zinachemka, zinalegea, na mteremko wa huku kwetu mnaujua. Weka gia ya pili shuka zako pole pole, hayo mafuta unayookoa hayafiki hata bei ya bandeji.

Kitu kimoja cha Rossi msikiige. 2010 alivunjika mguu Mugello kule Italia na baada ya wiki kama sita akawa amerudi mashindanoni. Yule ana madaktari na watu wa mazoezi wa kwake, wewe una bosi anataka hesabu. Mfupa ukivunjika kaa hadi daktari aseme, na ongea na bosi mapema kabla madeni hayajaongea.

Kingine, fundisheni. Kwao Tavullia Rossi anafanya mazoezi na vijana kwenye uwanja wa udongo, wanateleza makusudi ili mwili uzoee, na mmoja wao Francesco Bagnaia akawa bingwa wa dunia 2022 na 2023. Sisi vumbi tunalo bure. Dogo mpya akija kijiweni msimpe abiria siku hiyohiyo, mtafutieni uwanja mtupu Jumapili asubuhi, helmeti kichwani na imefungwa mkanda, aanze kujifunza kusimama kwenye vumbi, mambo ya mwendo atayajua tu.