EMA (posho ya kila wiki ya mwanafunzi) ya mwanangu imekatwa wiki tatu, na mume wangu anaogopa UC (Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) nayo itaguswa

SWALI

Habari za kazi kaka. Mi niko Glasgow, nina watoto wanne. Wa kwanza binti ana 17, yuko S6 (mwaka wa sita wa sekondari huku Scotland), mwaka ujao wa masomo anataka kwenda koleji. Wa pili kijana alitimiza 16 mwezi wa saba, yuko S5, huyu ndo tulimwombea EMA wakakubali. Wa tatu atatimiza 16 Novemba mwakani, na kuna kadogo ka miaka minne. Sasa kijana mwanzo aliingiziwa pauni 60, mara ya pili 30, juzi hajapata hata senti. Shule wanasema kuna siku hakuhudhuria. Ni kweli siku moja nilienda naye hospitali anitafsirie maana kiingereza changu hakijakaa sawa, siku nyingine alibaki na mdogo wake ana homa mimi niko kazini, na siku nyingine alikosa basi akafika vipindi vimeshaanza. Je wana haki ya kukata wiki nzima kwa siku moja? Halafu mume wangu anasema hizo hela UC wakiziona watatupunguzia, na dada yangu wa Birmingham ananambia EMA ilishafutwa siku nyingi. Nimechanganyikiwa, naomba unieleweshe.

JIBU

Dada yangu salama, pole na mkanganyiko, na swali lako nimelifurahia kwa sababu umetaja kila siku na sababu yake, wengi wanakuja wanasema tu "wamenikatia" basi hata mtu hujui uanzie wapi.

Nianze na dada yako wa Birmingham. Hajakosea, ila anaongelea Uingereza yenyewe, yaani England. Kule EMA ilifungwa 2011, siku hizi kuna bursari ya miaka 16 mpaka 19 ambayo kwa sehemu kubwa shule au koleji yenyewe ndo inaamua nani apewe na kiasi gani. Scotland haikufunga, kwenu bado ni pauni 30 kwa wiki. Wales nao wanayo, wao wameipandisha mpaka 40, na Ireland ya Kaskazini ipo vilevile. Kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko sehemu nyingine ya nchi usikilize kwa heshima ila kwenye mambo ya shule usiufuate, sheria ni tofauti kabisa. Nimeona familia imekaa mwaka mzima bila kuomba kwa sababu ya meseji moja ya grupu la WhatsApp iliyotoka London.

Sasa hilo la wiki nzima. Jibu ni ndiyo, wanaruhusiwa. EMA haihesabiwi kwa siku, inahesabiwa kwa wiki, na mtoto anatakiwa awe amehudhuria asilimia 100 ya wiki hiyo kama ilivyoandikwa kwenye ule mkataba wa masomo aliosaini na shule mwanzoni. Hakuna kusema amekosa Jumatatu tu basi apewe pauni 24. Ama 30 kamili ama sifuri. Na malipo yanaingia kila baada ya wiki mbili, ndo maana umeona 60, halafu 30, halafu hamna kitu: mara ya kwanza wiki zote mbili zilikuwa safi, mara ya pili moja imeanguka, mara ya tatu zimeanguka zote. Shule inapeleka kaunsili, yaani halmashauri ya mji, taarifa kwamba wiki fulani imekamilika au haijakamilika, kaunsili wao wanalipa kufuatana na hiyo taarifa. Kwa hiyo kupiga simu kaunsili kulalamika kabla hujaongea na shule ni kujichosha bure, watakurudisha hapohapo shuleni.

Ila sikiliza vizuri hapa, maana wazazi wengi hawaambiwi. Hiyo asilimia 100 haimaanishi mtoto haruhusiwi kuugua. Kuna kukosa kwa ruhusa na kukosa bila ruhusa. Akiumwa na wewe ukatoa taarifa, akiwa na miadi yake ya daktari au ya meno, msiba kwenye familia, sikukuu ya dini, siku ya kutembelea chuo kikuu, usaili, hizo kwa kawaida shule inaziruhusu na wiki inahesabika kama alikuwepo. Zinazokataliwa ni safari ya likizo katikati ya muhula, zamu ya kazi, manunuzi, na kwa bahati mbaya kulea mdogo wake nyumbani. Anayeamua ni shule, si kaunsili wala si wewe.

Na kinachoangusha wiki nyingi ninazoziona mezani kwangu ni ukimya, tena kuliko kule kukosa kwenyewe. Mtoto kaamka na homa, mama kaenda zamu ya saa kumi na moja alfajiri, baba kalala katoka zamu ya usiku, hakuna aliyepiga simu. Shule inaandika hayupo bila maelezo. Kesho yake mtoto anarudi, haulizwi sana, mambo yanaisha, ila ile alama kwenye rejista imebaki vilevile na Ijumaa wiki inahesabiwa imeharibika. Kumbe meseji moja asubuhi ingetosha. Shule nyingi siku hizi zina app au namba ya kutuma meseji, unaandika jina la mtoto, darasa, anaumwa nini, anategemea kurudi lini, kwisha. Iandike leo hii uiweke kwenye simu yako tayari kwa kiingereza, binti yako akusaidie, siku ikitokea unabadilisha tarehe tu na kutuma hata uko kwenye basi la kwenda kazini.

Tuje kwenye siku zako tatu moja moja.

Ya hospitali. Miadi ilikuwa yako, si yake, kwa hiyo shule kuiandika bila ruhusa sishangai. Unaweza kuwapelekea barua ya miadi ukawaeleza, na ukiwa na mwalimu wa malezi muelewa inawezekana akairekebisha, wakirekebisha rejista wiki ile inaweza kulipwa nyuma. Jaribu, usiogope. Lakini dada yangu hapa nataka niseme kwa uzito kwa sababu jambo hili linaniuma, usimchukue tena mtoto kukutafsiria hospitali. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inatoa mkalimani bure, Kiswahili kipo, saa ingine anakuja mtu na saa ingine ni kwa simu. Unatakiwa uwaambie mapema, unapopewa miadi au ukipiga simu kwa GP (daktari wako wa mtaani) sema neno moja tu, mkalimani wa Kiswahili, waandike kwenye faili lako ibaki hapo. Jobcentre, ofisi ya ajira, vilevile wana huduma hiyo. Mtoto wa miaka 16 kukaa anasikia habari za tumbo la mama yake na kuzitafsiri kwa daktari ni mzigo, anaona aibu, anaruka maneno, na wewe mwenyewe kuna vitu huwezi kusema mbele yake. Halafu kalipia pauni 30 na vipindi vya Higher (mitihani mikubwa ya sekondari Scotland) juu yake. Naelewa kwanini tunafanya hivyo, watoto ndo wanajua lugha na sisi tunaamini mdomo wa mtoto wetu kuliko wa mgeni, ila mkalimani amefundishwa na analazimika kutunza siri.

Ya mdogo mwenye homa. Hii sioni ikirekebishwa, na ukweli ni bora nikwambie kuliko kukupa matumaini. Ila kuna upande wako kama mfanyakazi. Mtoto akiugua ghafla una haki kisheria ya kuomba muda kazini kushughulikia dharura ya mtu anayekutegemea, mwajiri halazimiki kukulipa huo muda lakini hatakiwi kukuadhibu kwa kuuchukua. Sijui zamu zako zikoje, najua pia siku bila malipo inauma, ila piga hesabu ukijumlisha na 30 ya kijana na kipindi alichokosa.

Ya kuchelewa. Hapa kila shule ina utaratibu wake na umo kwenye ule mkataba, kwa hiyo muombe kijana aulete muusome pamoja. Kuna shule kuchelewa mara moja wanaonya tu, kuna shule ukifika baada ya rejista kufungwa kipindi hicho kinahesabika hukuwepo. Kama ilikuwa mara ya kwanza na basi kweli halikufika, aende mwenyewe kwa anayeshughulikia EMA pale shuleni aombe iangaliwe upya. Nasema aende mwenyewe kwa makusudi, mkataba ni wake. Wakikataa na mnaona wamekosea, muulize utaratibu wa rufaa, upo, unaanzia shule halafu unaenda kaunsili. Na kama kijana hana kadi ya basi ya bure ya walio chini ya miaka 22 mwombeeni haraka, ipo Scotland nzima tangu Januari 2022, asichelewe kwa kukosa nauli.

Haya, hofu ya mume wako. Mwambie apumzike. EMA haihesabiwi kama kipato chenu kwenye Universal Credit, haigusi Child Benefit (posho ya mtoto inayolipwa mzazi), haigusi msaada wa nyumba. Hata kijana akipata kakazi ka Jumamosi dukani, mshahara wake haumpunguzii EMA. Kilicho hatari kwenu ni kitu kingine ambacho hujakiuliza. Mtoto akitimiza 16, tarehe 31 Agosti inayofuata Child Benefit yake inakatika yenyewe kama hamjathibitisha kwamba anaendelea kusoma. HMRC, mamlaka ya kodi, wanaandika barua, watu wanadhani ni matangazo wanaitupa. Akiwa kwenye masomo ya kutwa yanayotambulika, zaidi ya saa 12 kwa wiki, Child Benefit inaweza kwenda mpaka atimize 20. Na UC wanauliza kivyao kwenye akaunti yako ya mtandaoni, kuwaambia HMRC hakuwafikii UC, hizo ni ofisi mbili tofauti, jibu kote kuwili. Kijana ametimiza Julai kwa hiyo angalia usiku wa leo kama ulijibu.

Kitu kingine ujue mapema ili msigombane nyumbani. Kama mlikuwa mnapata Scottish Child Payment (posho ya Scotland ya watoto wa familia zenye kipato kidogo), ile inakoma mtoto akifika 16, nayo ilikuwa inaingia kwako mzazi. EMA inaingia kwenye akaunti ya mtoto mwenyewe kwa jina lake, huwezi kuweka akaunti yako. Kwa hiyo kikapu cha nyumba kimepungua huku kijana kapata hela mkononi. Familia zinazokaa chini na kukubaliana mapema, labda yeye ajitegemee chakula cha mchana na mahitaji ya shule na vocha ya simu, ndo ninazoona zinaenda vizuri. Wanaomnyang'anya yote mtoto anaacha kujali kama wiki imelipwa au haijalipwa, na hapo mahudhurio ndo yanakufa.

Wa Novemba. Huyu hataanza kulipwa siku ya kuzaliwa. Kanuni ni hivi: anayetimiza 16 kati ya tarehe 1 Machi na 30 Septemba anaanza Agosti shule zinapofungua, anayetimiza kati ya Oktoba na mwisho wa Februari anaanza Januari. Wako ni wa Januari. Fomu msiicheleweshe, ukiomba ndani ya muda wanalipa kuanzia mwanzo, ukichelewa wanalipa kuanzia wiki walipopokea fomu, zilizopita zimepita. Kwa wa Agosti muda huo ni mwisho wa Septemba, kwa wa Januari mwisho wa Februari. Na kila mwaka mnaomba upya, haijiendelezi yenyewe.

Kipato wanachoangalia ni cha mwaka wa kodi uliopita, 6 Aprili mpaka 5 Aprili, chako na cha mumeo pamoja kabla ya kukatwa kodi. Kwa nyumba yenye mtoto mmoja tegemezi kiwango cha juu ni pauni 24,421, ila nyie mna zaidi ya mmoja kwa hiyo ni 26,884. Kijana alishakubaliwa maana yake mko chini ya hapo, na hapo ndo nashangaa, mbona hujasema binti wa S6 naye anapata? Kipato ni kilekile, nyumba ni ileile. Kama hakuombewa mwombee wiki hii, na mwaka jana ulishampita.

Akihamia koleji EMA ya shule haimfuati. Mwanafunzi wa shule anaomba kaunsili, wa koleji anaomba koleji yenyewe, fomu mpya na vielelezo upya. Aulize ofisi ya fedha za wanafunzi pale koleji mara tu akipewa nafasi, asisubiri kufungua. Na aulize swali moja muhimu, akishafika 18 watamweka kwenye EMA au kwenye bursari ya koleji, maana koleji nyingi wenye 18 wanawapeleka kwenye bursari, hela yake inaweza kuwa zaidi na mahudhurio wanafuatilia vilevile. Andaeni P60 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) zenu wote wawili, au kama mume anafanya kazi ya kujiajiri ile karatasi ya SA302 kutoka HMRC, cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya binti, karatasi zenu za makazi, na taarifa ya benki yenye jina la binti mwenyewe. P60 iliyopotea ndo inachelewesha kuliko kitu chochote, kwa hiyo kama hamuioni mpigie mwajiri kesho asubuhi akupe nakala.