Nimerudi kutoka vitani lakini silali: je, ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni askari mstaafu. Nilikuwa Kivu Kaskazini, Kongo, na kikosi cha kulinda amani. Siku moja tukiwa doria tulivamiwa, mwenzangu akapigwa risasi pembeni yangu. Kamanda akaamuru turudi nyuma, nikarudi, yeye akabaki pale hadi kesho yake walipokwenda kuuchukua mwili. Tangu nirudi nyumbani nashtuka usiku nikipiga kelele, mpaka mke wangu amehamia chumba cha watoto. Msikitini nimeacha kwenda, siwezi kusujudu kukiwa na watu nyuma yangu. Wengine wanasema nina jini, wengine wanasema imani yangu imepungua. Mimi naogopa kwamba niko katika wale waliokimbia vitani. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Allah akupe afya na amrehemu mwenzako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naanza na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokula moyo wako.

Kukimbia vitani kunakohesabiwa katika madhambi makubwa kumetajwa katika Suratul Anfal, aya ya 16, na aya hiyohiyo imemtoa anayegeuka kwa mbinu ya vita au anayekwenda kujiunga na wenzake. Wewe umerudi nyuma kwa amri ya kamanda, pamoja na kikosi chako. Huko si kukimbia. Na hata waliogeuka kweli siku ya Uhud, bila amri ya yeyote, Allah amesema juu yao katika Suratu Aal Imran, aya ya 155: "Na Allah amekwisha kuwasamehe." Wamesamehewa waliomwacha Mtume (s.a.w.) uwanjani. Basi usijihukumu kwa hukumu ambayo Mola wako hakukupa.

Sasa nikuambie habari ya vita vya Mu'tah, mwaka wa 8 Hijria. Makamanda watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine: Zayd, Ja'far na Abdullah bin Rawaha (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwatangazia watu Madina vifo vyao huku macho yake yakitiririka machozi, na hilo limo katika Bukhari. Bendera akaichukua Khalid bin Walid (r.a.), naye amesimulia mwenyewe kwamba siku ile panga tisa zilimvunjikia mkononi, akabakiwa na upanga mmoja mpana wa Kiyemeni. Kisha akalirudisha jeshi nyuma ili kuwaokoa waliobaki. Walipofika Madina, wapokezi wa sira, yaani historia ya Mtume (s.a.w.), wanaeleza kwamba watu waliwarushia mchanga wakiwaambia "Enyi mliokimbia vita!" Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akasema kwamba hao ni wenye kurudi tena vitani, inshaAllah. Hata hivyo mmoja wao, Salama bin Hisham, alijifungia nyumbani asionekane kwenye swala. Mkewe alipoulizwa na Ummu Salama (r.a.) akasema: kila akitoka watu wanampigia kelele, basi amekaa ndani.

Umemwona huyo? Ni sahaba, na alikuwa nyumbani kama ulivyo wewe leo.

Na Khalid huyohuyo wa panga tisa, katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba alimwambia Mtume (s.a.w.): "Mimi hushtushwa usingizini." Hakuambiwa imani yake ni ndogo, wala hakuchekwa. Alifundishwa aseme: "A'udhu bikalimaatillaahit-taammaati min ghadhabihi wa 'iqaabihi wa sharri 'ibaadihi, wa min hamazaatish-shayaatiini wa an yahdhuruun." Yaani, najikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia kutokana na ghadhabu Yake, adhabu Yake, shari ya waja Wake, na uchochezi wa mashetani na wasinikaribie. Isome kila unapopanda kitandani, na mkeo aijue pia.

Kuhusu jini: sikatai kuwepo kwake, lakini mtu aliyeona damu ya mwenzake akashtuka usingizini, sababu yake tunaiona kwa macho. Usipeleke pesa zako kwa waganga. Mtume (s.a.w.) amesema tujitibu, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Nenda ukamwone daktari wa magonjwa ya akili, Lugalo, Muhimbili, Mirembe au hospitali ya mkoa wako, na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Ruqya, yaani kusomewa Qur'ani na dua, na dawa havigombani. Ukipewa dawa za usingizi zikakupitisha Alfajiri, swali unapoamka. Kafara yake ni hiyo tu. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, usikae peke yako hata dakika moja, mwamshe mkeo.

Msikitini rudi kidogo kidogo. Simama safu ya mwisho, ukutani, karibu na mlango, na mwombe imamu akuelewe. Ukishindwa kabisa kwa sasa, swali nyumbani na mkeo na watoto nyuma yako; pengine mgongo wako utazoea kwanza kwa watu unaowapenda.

Nina neno pia kwa wanaokuzunguka. Masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wenzake wakaichukua kamba yake kwa mzaha, akaamka amefazaika. Mtume (s.a.w.) akasema: "Si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu." Hiyo ni kamba tu. Vijana wanaolipua fataki dirishani kwa mtu kama wewe usiku wa Idi wajue wanachofanya. Na anayekuamsha asikushike bega, asimame mlangoni akuite kwa jina lako.

Tangu tarehe 7 Desemba 2017, walipouawa wanajeshi wetu wa Tanzania wasiopungua 14 kambini Semuliki, hukohuko Kivu Kaskazini, tunawaombea waliokufa, na ni haki yao. Waliorudi wazima tumewapokea kwa ngoma siku moja, kisha tukawaachia usiku wao. Hilo ni deni letu sisi wa misikitini.

Mwenzako mwombee dua kila baada ya swala, na ukiweza toa sadaka kwa niaba yake, hata ndoo ya maji. Kama familia yake iko karibu, watembelee siku utakayojiona na nguvu. Usiende kuomba msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya. Kaa nao, uwasimulie alikuwa mtu wa namna gani.

Wallaahu aalam.