Re: Zeolaiti 13X imeacha kushika hewa ukaa

Sasa mkuu. Kwa hivyo 13X yako (ile zeolaiti, punje za madini zenye vijitundu vidogo sana vya kunasa gesi) ilikuwa inashika hewa ukaa poa, saa hii imeshuka karibu nusu na unashuku uliuziwa feki. Kabla umlaumu muuzaji angalia maji kwanza. Hiyo kitu inapenda maji kuliko hewa ukaa, na vile Nairobi imenyesha ukiacha kopo wazi kwa meza vijitundu vinajaa mvuke, sasa gesi itaingilia wapi?

Pima gramu chache, choma kwa fanesi digrii 300 hadi 350 masaa kadhaa, funga ipoe ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kisiingize unyevu) halafu pima tena. Ikipoteza kama asilimia 20 hivi, hayo ni maji tu. Oveni ya digrii 105 haitoshi, hapo ndio wengi hudanganyika. Pandisha joto polepole, na kama uko na vakyumu ama nitrojeni kavu tumia.

Halafu hujasema gesi unatoa wapi. Kama ni moshi wa jenereta weka silika jeli (punje za kukausha hewa) mbele ya kolamu, ile bomba yenye 13X, la sivyo utachoma kila siku. Kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kunasa gesi, huvumilia unyevu kiasi lakini kwa presha ndogo inashika kidogo, mimi singekimbilia kuiweka badala ya 13X. Tuma uzito ukishapima.