Zamu zinatupishanisha mlangoni

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi wa zamu Dar es Salaam na mume wangu anauza vitenge Kariakoo. Nirudipo asubuhi, yeye anatoka. Zamani tulikwenda Coco Beach kula mihogo. Siku hizi hata chai hatunywi pamoja. Tufanyeje?
Mama Z., Mbagala

JIBU: Dada yangu, msiisubiri Jumapili, kwa maana siku hiyo moja mmeitwika usingizi, ufuaji, wageni na mapenzi, nayo haiwezi kuyabeba yote. Anzeni na ile nusu saa ya asubuhi mnayopishana: mumeo akichelewa kidogo kufungua duka, naye akabandika chai ya tangawizi na kununua chapati mbili kwa jirani kabla hujafika, mtakuwa mmepata kikao cha watu wawili ambacho hakuna ufuko unaoweza kukizidi. Simu zibaki chumbani, na habari za ada na kodi ya nyumba zingoje jioni. (Mihogo nayo inakaangika nyumbani, pilipili na ndimu ni zilezile.)

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwombe msimamizi wako ratiba ya zamu mapema, kisha mumeo, ambaye hana bosi, apange siku zake za kufunga duka kwa kuifuata ratiba hiyo.