"I am nothing jealous": Brutus hazungumzii wivu

Mkuu, umeuliza kwa nini, kwenye tamthiliya ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, Brutus anamwambia mwenzake Cassius "I am nothing jealous" wakati hakuna mwanamke anayegombewa pale. Swali hili lilishanikwamisha mimi mwenyewe.

Kidato cha tano tulisoma Julius Caesar. Kwenye jaribio la darasani nikaandika kwamba Brutus hamwonei wivu Cassius, nikajaza nusu ukurasa juu ya wivu wa madaraka. Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya "wivu", pembeni akaandika neno moja: shaka. Nikamfuata ofisini nimejiandaa kubisha. Akafungua kitabu, tukasoma mstari wote: "That you do love me, I am nothing jealous." Akasema, haya, tia wivu tuone kama unakaa. Haukukaa. Tia shaka: "Kwamba wanipenda, sina shaka hata kidogo." Ukakaa sawasawa. Na hiyo "nothing" ndiyo "hata kidogo".

Tamthiliya hiyo ni ya mwaka 1599 hivi. Enzi hizo "jealousy" ilikuwa wivu kama leo, lakini ilikuwa pia kushuku, kuwa macho, kutomwamini mtu upesi. Asili yake ni "zelos" ya Kigiriki, yaani ari, na humo ndimo ilimotoka "zeal" pia. Mwenye ari ya kulinda chake humshuku kila apitaye karibu nacho; wivu wa mapenzi ni tawi moja tu.

Maana hiyo iliishi muda mrefu. Mwaka 1796, George Washington akiaga urais, aliwaonya Wamarekani juu ya hila za mataifa ya nje: "the jealousy of a free people ought to be constantly awake". Ukishika wivu, utadhani anawafundisha kijicho. Anawaambia watu huru wasisinzie, washuku.

Kwetu "tuhuma" nayo imehama. Bibi yangu akisema anamtuhumu fulani, lilikuwa lake la moyoni, hajamwambia mtu. Kwenye taarifa ya habari leo, tuhuma ni madai yaliyokwisha kutamkwa hadharani.

Usilitumie "jealous" hivyo kwenye insha yako, msomaji wa leo ataelewa wivu tu. Ila ukilikuta kwenye Kiingereza cha kale, jaribu shaka kwanza. Na ukiipata Juliasi Kaizari, tafsiri ya Kiswahili ya Mwalimu Nyerere, toleo la 1969, iweke ubavuni mwa Kiingereza usome mazungumzo hayo ya Brutus na Cassius mstari kwa mstari.